Shajara ya mradi: kuchagua mashine za kupiga msasa sakafu ya mbao, nyumba ya Lushoto

10 Juni 2025. Kupima kabla ya kuuliza bei

Nyumba ni ya familia, iko Lushoto, kwenye milima ya Usambara, imejengwa enzi za Waingereza. Sebule ina urefu wa mita 5.2 na upana wa mita 4.1, na sakafu yake ni mbao za mkulo, mti mgumu wenye harufu ya kafuri. Vyumba viwili vya kulala, kila kimoja mita 3.6 kwa 3.3, vina mbao za podo, ambazo ni laini zaidi. Kuna pia ujia mwembamba wa mita 6 unaounganisha vyumba. Jumla ni kama mita za mraba 52.

Maelezo mengi niliyosoma kuhusu kazi hii yanamdhania msomaji anayeishi karibu na duka la kukodisha mashine, akachukua asubuhi na kurudisha jioni. Huku mlimani hakuna duka hilo. Kwa hiyo naandika kila tulichojaribu, kilichoharibika na kilichogharimu, ili mwenye nyumba kama hii, awe Lushoto, Moshi au Limuru, asianze gizani.

Mkulo ulikatwa sana Usambara wakati wa ukoloni na baadaye, na mbao za upana huu leo huwezi kuzipata kirahisi. Nikiharibu ubao mmoja, sina wa kuuziba. Ndiyo sababu nimeamua tangu mwanzo kwamba mashine nitakayoichagua ni ile itakayokula mbao kidogo kuliko zote na bado kazi ikamalizika. Nguvu ya injini ni jambo la pili.

Tuling'oa kizingiti cha mlango wa sebule ili tuone mbao kwa ubavu. Ni mbao zenye ulimi na mfereji, yaani ulimi wa ubao mmoja unaingia kwenye mfereji wa ubao wa jirani, unene milimita 21. Kutoka juu hadi kwenye ulimi kuna milimita 6 katikati ya chumba, na 5 mlangoni ambako miguu ya watu imepita miaka yote. Kipimo hicho ndicho akiba yote tuliyonayo. Ukishaukaribia ulimi, mdomo wa juu wa ubao unabaki mwembamba, na mguu wa kiti unatosha kuupasua. Kazi ikifanywa vizuri huondoa kama milimita moja. Ikifanywa vibaya huondoa tatu bila mtu kujua.

Kuhusu kilicho juu ya mbao: sebuleni ni polishi nyekundu ya nta, tabaka juu ya tabaka. Kitambaa chenye tone la tapentaini kinarudi chekundu kama kimeloa damu. Vyumbani ni rangi ya mafuta ya kahawia, ya zamani sana. Rangi za namna hiyo mara nyingi zilitiwa madini ya risasi, nami sina kifaa cha kupimia, kwa hiyo naihesabu kuwa ina risasi. Vyumba hivyo vitakuwa na utaratibu wao.

Umeme ni wa fezi moja, voti 230, soketi za kawaida za ampea 13. Kwa hesabu ya karatasi soketi moja inabeba karibu wati 3,000. Waya wa ukutani ni wa zamani na soketi ya sebule inagawana laini na jikoni, kwa hiyo hesabu ya karatasi siiamini.

17 Juni. Majaribio nyuma ya kabati

Tulihamisha kabati kubwa la sebuleni tukapata eneo ambalo baadaye litafunikwa tena. Hapo kila kifaa kilipewa nafasi yake.

Grainda yenye diski ya msasa ndiyo ya kwanza, kwa sababu kila fundi wa mtaani anayo na kila mtu aliniambia inatosha. Haitoshi, na kwa sakafu ni hatari. Grainda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika na diski inagusa mbao kwa ukingo wake mmoja tu. Kila mkono ulipopumzika, hata kidogo, ilibaki alama ya mwezi mchanga. Tulipima alama moja ikawa na kina cha milimita 1.5, yaani robo ya akiba yetu imekwenda kwa kufumba na kufumbua. Mkulo nao una nyuzi zinazopishana, hivyo upande mmoja ulilainika na upande wa pili ukachanika. Grainda imerudishwa stoo na haitaingia tena katika kazi hii.

Mashine ndogo ya msasa wa mkanda, ya upana wa milimita 75, tuliiazima kwa jirani. Tuliifunga msasa namba 80 uliokuwa umekuja nayo (namba ikiwa ndogo, chembe za msasa ni kubwa zaidi). Dakika chache tu, mkanda ukawa mwekundu, unang'aa, hauli kitu. Polishi ilikuwa imeyeyuka kwa joto la msuguano ikaziba chembe zote. Mbaya zaidi, mkanda ulioziba ulianza kuisambaza polishi ile na kuisukuma ndani ya mbao.

Mzee seremala, ambaye amefanya kazi za mbao Lushoto tangu ujana wake, alikuwa amekaa kwenye kiti akitazama.

"Mwanangu, nta ikipata moto inageuka gundi. Itoe kwanza, ndipo uwashe mashine."

"Tuitoe na nini, Mzee?"

Akainuka, akaomba kipande cha kioo cha dirisha kilichovunjika, akakifunga kitambaa upande wa kushikia. Akakivuta juu ya ubao kwa kuuinamisha ukingo kidogo. Yakatoka maranda mekundu, membamba, yamejikunja, na chini yake mbao safi yenye harufu ya kafuri. Mafundi wetu wamekwangua milango na vitanda kwa kioo kwa miaka mingi, na sakafu haikatai. Kinachokosekana ni kasi. Kwa mita 52 za mraba mgongo hautafika.

Mashine ya mkono ya duara ya milimita 125, ile inayozunguka huku ikitikisika, haikuchimba hata tulipoiacha mahali pamoja. Kwa namba 60 ilitembea polepole sana juu ya mkulo, lakini matokeo yalikuwa sawasawa. Hiyo tuliinunua: shilingi 145,000.

24 Juni. Nta

Wiki hii haikuwashwa mashine hata moja sebuleni, na naamini ndiyo wiki iliyookoa pesa nyingi kuliko zote.

Tulichofanya: tapentaini kwenye eneo la kama mita moja ya mraba, kuacha iloweke dakika chache, kusugua na sufi ya chuma kwa kufuata uzi wa mbao, kufuta na matambara makavu, kisha kurudia. Penye tabaka nene, hasa kando ya kuta ambako polishi ilipakwa na haikukanyagwa, tulikwangua kwanza. Tulijaribu mafuta ya taa kwa sababu ni rahisi kuyapata. Yanayeyusha nta, lakini yanaacha unyevu wa mafuta unaochelewa kukauka na harufu inayokaa ndani siku nyingi. Tukarudi kwenye tapentaini.

Madirisha yote wazi, jiko la mkaa nje kabisa, umeme wa sebule umezimwa. Mvuke wa tapentaini unashika moto, na cheche ya swichi inatosha. Matambara yaliyoloa tuliyatandaza kwenye ua yakauke moja moja. Ukiyakunja na kuyarundika kwenye ndoo yanaweza kupata joto yenyewe na kuwaka usiku watu wamelala. Siku ya kupaka mafuta ya kitani hatari hiyo ni kubwa zaidi.

Baada ya hapo tulirudia jaribio la mkanda, safari hii kwa namba 40. Chembe za namba 40 ni kubwa na zina nafasi kati yake, kwa hiyo mabaki ya nta hayakuziba haraka. Mkanda mmoja ulifanya karibu mita mbili za mraba. Ule wa namba 80 ulikuwa umekufa kabla ya kumaliza urefu wa ubao mmoja.

1 Julai. Kutafuta mashine kubwa

Nilishuka Dar. Kariakoo, upande wa Gerezani, nilipata mashine ya mkanda ya mkono iliyotumika, ya upana wa milimita 100, mkanda wa milimita 100 kwa 610. Nilichagua hii badala ya mpya ya milimita 75 kwa sababu moja: bamba la chini ni pana na zito, kwa hiyo halipandi na kushuka na kila wimbi la mbao. Kabla ya kulipa nilihakikisha mambo haya. Bamba la chini liwe limenyooka. Nililipima kwa rula ya chuma. Roli la mbele lisiwe na mtikisiko. Kirekebishio cha mkanda kishike, mkanda usihame upande mashine ikifanya kazi. Na vipande vya kaboni vya injini viwe vya aina inayouzwa palepale mtaani. Bei baada ya kupatana: 380,000.

Watu wawili walinishauri mashine ya terazo, kwa kuwa ipo kila mahali na ni nzito. Mashine hiyo husaga kwa mawe na maji. Maji yakiingia kwenye mbao zenye ulimi zinavimba na kukunja kingo, na mawe yale yametengenezwa kula saruji na chipsi za marumaru. Usikubali, hata ukipewa bure.

Mashine niliyoitafuta kwa kweli ni ile ya kusimama yenye roli, ambayo msasa unazungushwa kwenye ngoma ya upana wa milimita 200, injini ya kilowati 1.8, na mtu anaisukuma akitembea. Nilimpata mtu anayefanya sakafu za vipande vya mbao katika nyumba za zamani za Dar, akakubali kukodisha kwa 120,000 kwa siku ya kazi, siku za njiani bila malipo. Usafiri ulikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia: malori yanayoteremsha mboga na matunda kutoka Lushoto hurudi mengi yakiwa matupu. 30,000 kupanda, 30,000 kushuka, mashine imefungwa kamba katikati ya matenga.

9 Julai. Umeme kwanza

Mashine imefika. Tuliichomeka kwenye waya wa ekstensheni wa mita 30 uliokuwepo nyumbani. Ikavuma, haikuzunguka. Mara ya pili breka ikaanguka na nyumba nzima ikazimika.

Fundi umeme alitueleza, na hesabu yake nimeihakiki. Waya ule ulikuwa wa milimita za mraba 0.75. Kwa ampea 10 na urefu wa mita 30, waya wa unene huo unapoteza karibu voti 18 au 19 njiani, na wakati wa kuwaka injini inavuta mara kadhaa ya kiasi hicho, kwa hiyo upotevu ni mkubwa zaidi dakika ileile inayohitaji nguvu. Waya wa 2.5 kwa umbali huohuo unapoteza kama voti 5. Kisha, ekstensheni ilikuwa imeviringishwa kwenye ngoma yake. Waya unaobeba mzigo ukiwa umeviringishwa haupoi, unaweza kuyeyuka.

Alitununulia mita 30 za waya laini wa 2.5 wenye koti la mpira, plagi na soketi imara, jumla 125,000. Akatoa laini ya peke yake kutoka kwenye boksi la breka, yenye breka ya aina C inayovumilia mshtuko wa kuwaka kwa injini. Tangu hapo mashine inawaka bila kusita. Tumeamua pia kufanya kazi asubuhi, maana jioni majirani wakiwasha vyombo vyao nguvu inashuka na sauti ya injini inabadilika. Anayepanga kukodi mashine ya roli amwite fundi umeme kabla mashine haijafika. Sisi tulilipia asubuhi nzima ya kukodi huku mashine imesimama.

12 Julai. Mashine ya roli juu ya mkulo

Kabla ya kuiwasha tulipita chumba kizima kwa magoti, kiganja juu ya mbao, tukitafuta misumari. Kila kichwa tulikizamisha kwa panchi na nyundo milimita 3 chini. Mmoja ulituponyoka chini ya dirisha, na ulipasua msasa kutoka ukingo hadi ukingo kwa kishindo. Msasa mmoja wa mashine hii ulikuwa 14,000.

Mashine ya roli inakula kila wakati ngoma inapogusa sakafu. Kwa hiyo ngoma inateremshwa ukiwa tayari unatembea na kuinuliwa kabla hujasimama. Kijana msaidizi alikuwa hodari wa nguvu, lakini kwenye kona alikuwa akisimama kwanza halafu anainua. Kila aliposimama palibaki bonde la upana wa ngoma. Kwa jicho la mchana halikuonekana. Usiku tulilaza tochi sakafuni, mwanga ukapita sambamba na mbao, na mabonde yote yakajitokeza mstari mmoja kando ya ukuta wa kaskazini.

"Dada, mimi niliona pako sawa kabisa," alisema, na mchana palionekana hivyo kweli.

Kuyaondoa tulifanya hivi. Tulichora mistari ya penseli ya kupindapinda juu ya eneo lote, tukapitisha mashine ya mkanda ya milimita 100 kwa mshazari, pembe ya kama digrii 45 na uzi wa mbao, mpaka penseli ilipofutika hata ndani ya mabonde. Kisha tukafuata uzi. Penseli ni kifaa cha lazima katika kazi hii, nacho kiliuzwa shilingi 200. Inakwambia wapi umefika na wapi bado, na inakuzuia kuendelea kula pale ulipokwisha maliza.

Utaratibu uliotufaa kwa mashine ya roli: namba 40 kwa mshazari mdogo mara moja, kwa sababu mbao zilikuwa zimejikunja kingo, namba 40 tena kwa kufuata uzi, halafu 60. Kila mpito unafunika nusu ya mpito uliotangulia, unakwenda mbele na kurudi nyuma juu ya mstari uleule, mwendo wa mtu anayetembea na mtoto mdogo. Theluthi mbili za chumba zinafanywa kutoka ukuta mmoja, kisha unageuka na kumalizia theluthi iliyobaki.

Tulipima tena kizingitini. Imeondoka milimita 0.9 katikati, na 1.4 kando ya ukuta wa kaskazini palipokuwa na mabonde. Tofauti hiyo ya nusu milimita ni gharama ya mashine ya roli ikiwa mikononi mwa asiyeizoea. Kwa sebule ya mkulo, mbao ngumu zilizopinda, bado naona ilistahili. Kwa vyumba vya podo nimeikataa, na mashine imerudi Dar mapema.

20 Julai. Kando ya kuta na kwenye kona

Mashine ya roli haifiki sentimita 10 hadi 15 za mwisho kando ya ukuta. Kuna mashine maalumu ya kingo, ya diski ya kama milimita 178, lakini aliyetukodisha hakuwa nayo, na baada ya kuona kazi ya grainda sikuitamani sana. Nayo pia ni diski inayozunguka sehemu moja.

Tulitumia mkanda wa milimita 100 sambamba na ukuta pale uzi wa mbao unapokwenda na ukuta. Pale mbao zinapokutana na ukuta kwa ncha, mkanda ungekata uzi kwa upana, kwa hiyo tulitumia mashine ya duara: namba 40, 60, kisha 80. Ilichukua muda. Tatizo lilikuwa ngazi ndogo kati ya sehemu ya roli na sehemu ya mkono, unaihisi kwa kidole ingawa jicho halioni. Penseli tena, na kutanua eneo la mkono hadi sentimita 30 kutoka ukutani ili ngazi iwe mteremko mrefu usiohisika.

Kona zenyewe, pembeni mwa fremu za milango na chini ya bomba, ni kazi ya kikwangulio. Kioo cha Mzee kilifanya kazi safi kuliko kikwangulio cha chuma cha dukani, mpaka tulipojifunza kukinoa cha chuma kwa tupa kila baada ya dakika chache. Kwenye mkulo jaribu pande zote mbili kwa sababu ya zile nyuzi zinazopishana: upande mmoja unatoa maranda, wa pili unang'oa nyama. Maliza kwa kipande cha msasa wa mkono wa namba ileile ya katikati ya chumba. Kona iliyokwanguliwa bila msasa inakunywa vanishi tofauti na kubaki na doa.

Mikanda miwili ilikatika kwenye maungio siku ya ukungu mzito. Msasa wa mkanda una mshale ndani unaoonyesha uelekeo, na tuliufuata. Kosa lilikuwa hewa. Gundi ya maungio haipendi unyevu. Sasa mikanda inakaa kwenye bati lenye mfuniko, kwenye ukuta wa jikoni ulio na joto, na haijakatika mingine.

29 Julai. Vyumba vya podo: rangi ya zamani

Msasa mkavu juu ya rangi yenye risasi unaigeuza kuwa vumbi linalopeperuka nyumba nzima, kwenye mapazia, kwenye vyombo, mikononi mwa watoto. Risasi inadhuru ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Katika vyumba hivi mashine ilisubiri mpaka rangi ilipokwisha yote.

Watoto walihamia kwa shangazi yao. Mlango ulifungwa kwa nailoni. Tulinyunyiza maji kidogo, tukakwangua rangi ikiwa na unyevu, na penye ugumu tukapaka dawa ya kuchubua. Soma kopo la dawa hiyo kabla hujanunua: zenye methilini kloraidi mvuke wake umewahi kuua watu waliokuwa wakifanya kazi ndani ya vyumba vilivyofungwa. Tulichukua nyingine, ya polepole zaidi. Maganda yote yaliingia kwenye mifuko miwili miwili, sakafu ikafutwa kwa matambara mabichi, na nguo za kazi zikafuliwa peke yake. Mashine ya kuvuta vumbi ya kawaida haifai hapo, kwa sababu chujio lake linayaachia yale mavumbi madogo kabisa yarudi hewani.

Podo ni laini, lakini nyuzi zake ni za aina moja, hazina mistari migumu na milaini kama msonobari wa kigeni, kwa hiyo mashine haitengenezi mawimbi. Mkanda wa milimita 100 kwa namba 60 tu, mkono mwepesi, kufuata uzi. Namba 40 tuliijaribu kwenye ubao wa chini ya kitanda ikaacha mikwaruzo mirefu iliyohitaji kazi mara mbili kuiondoa.

6 Agosti. Mashine ya kung'arisha sakafu

Hii ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, na iko karibu na kila mtu. Wafanya usafi wa hoteli na ofisi wana mashine ya diski moja, inchi 17, ya kusugulia vigae. Inazunguka polepole, kama mara 175 kwa dakika, na uzito wake umesambaa juu ya duara zima. Chini yake unaweka pedi, na chini ya pedi diski ya wavu wa msasa. Tuliikodi Tanga kwa 50,000 kwa siku, diski za wavu nikaziagiza Dar.

Haiwezi kusawazisha mbao zilizopinda; inateleza juu ya migongo na kuacha mabonde. Lakini sakafu ikishasawazishwa, inaunganisha kila kitu: katikati, kando, alama za mkanda, alama za duara. Haichimbi. Kuiongoza ni mkono wa mpini: ukiinua inakwenda kulia, ukishusha inakwenda kushoto. Ukipambana nayo inakuvuta mpaka ukutani, ukiituliza inatii. Kijana alikuwa ameimudu kabla ya saa nne asubuhi.

Namba 80, kisha 100, sebuleni na vyumbani. Kati ya namba na namba tulivuta vumbi mpaka likaisha, kwa sababu chembe moja ya namba 60 iliyobaki sakafuni inachora duara chini ya namba 100. Nilitaka kwenda 150 na Mzee akanizuia: vanishi inahitaji mahali pa kushika. Mwisho tulifuta sakafu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Nyuzi zikasimama, mikwaruzo iliyojificha ikaonekana, tukaipitia kwa mkono.

Kuhusu vumbi: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii chembe ndogo. Barakoa za daraja la P2, miwani, vizibo vya masikio, kila mtu, kila siku, pamoja na Mzee ambaye mwanzo alikataa. Mfuko wa mashine tuliumwaga nje kila jioni, mbali na nyumba, maana vumbi lenye mabaki ya nta na vanishi linaweza kuwaka lenyewe.

15 Agosti. Vanishi na hesabu

Mikono mitatu ya vanishi ya sakafu, na kati ya mmoja na mwingine mashine ya kung'arisha na wavu uliochakaa wa namba 100. Mianya midogo kati ya mbao tumeiacha, kwa kuwa mbao hizi zinapumua na misimu na puti ingetoka masika ya kwanza. Mianya mikubwa miwili tumeijaza vipande vya mkulo kutoka ubao wa zamani wa rafu.

Matumizi: mashine ya mkanda 380,000, ya duara 145,000, ya kuvuta vumbi 260,000. Hizo zimebaki mali. Kukodi roli 240,000 na usafiri wake 60,000. Kukodi mashine ya kung'arisha 100,000. Waya na plagi 125,000. Misasa ya kila aina 318,000, na karibu robo yake ilipotea kwenye nta, msumari na mikanda iliyokatika. Tapentaini, dawa ya kuchubua na sufi ya chuma 172,000. Barakoa, miwani na vizibo 64,000. Fundi na msaidizi 540,000. Vanishi 290,000. Jumla 2,694,000 kwa mita za mraba 45 zilizokamilika, yaani karibu 60,000 kwa mita.

Ujia bado. Una mkulo wenye polishi nyekundu, upana wake ni mita 1.1, na hauna nafasi ya kugeuza roli wala haja nayo. Tapentaini na kioo kwanza, mkanda wa milimita 100 kwa namba 40 na 60 kufuata uzi, duara kwenye ncha, kisha mashine ya kung'arisha kwa 80 na 100. Tunaanza vuli isijafika.